Biashara wanaijua, mtihani unawakwamisha

*Upareni mtu hupiga hesabu ya mzigo mzima kichwani kabla mnunuzi hajamaliza kutaja bei. Mbele ya karatasi ya mtihani wa kumpeleka chuo cha biashara, mtu huyohuyo hukwama. Kwa nini?*

Gunia la tangawizi liko juu ya mizani kando ya barabara, na mnunuzi aliyetoka Dar es Salaam ameshataja bei yake. Mama mwenye mzigo hajibu. Anatazama lori, midomo inacheza kidogo, kisha anataja bei nyingine, kubwa kuliko ile. Hajashika kalamu wala simu. Katika muda huo mfupi ameshatoa mbegu, samadi, vibarua wa palizi, bodaboda aliyeteremsha mzigo kutoka mlimani na ushuru wa mazao. Anajua akikubali chini ya kiasi gani atakuwa ameuza jasho lake bure.

Sasa mpe mama huyo karatasi ya mtihani wa somo la Biashara. Swali limeandikwa kwa Kiingereza: mfanyabiashara amenunua bidhaa kwa Sh60,000 na kuiuza kwa Sh75,000, tafuta mark-up na margin.

Faida anaiona palepale, Sh15,000. Lakini mtihani hauulizi shilingi. Unataka Sh15,000 igawanywe kwa bei ya kununulia, ije asilimia 25, kisha igawanywe kwa bei ya kuuzia, ije asilimia 20. Fedha ni ileile, asilimia ni mbili, na anayezichanganya anakosa alama zote.

Mwalimu wa utunzaji wa hesabu atakuonyesha njia ya mkato. Kama faida ni robo ya bei ya kununulia, ongeza moja kwenye asili ya sehemu hiyo. Nne inakuwa tano, na hapo umeshapata faida hiyohiyo kwa bei ya kuuzia, yaani moja ya tano. Ni kazi ya dakika tano ubaoni. Kwa anayejisomea peke yake Vudee au Miamba, usiku, baada ya shamba na watoto, jambo hilo linaweza kumchukua wiki nzima, na pengine akaliacha akiamini kwamba kichwa chake hakifai.

Kichwa chake kinafaa. Kinachokosekana ni mtu wa kumsimamia katika zile dakika tano.

Mlango si mmoja

Wengi hudhani vyuo vya biashara nchini vina mtihani wao wa pamoja wa kuingilia. Haupo. Mchujo mkubwa hufanywa na Baraza la Mitihani la Tanzania (Necta), kupitia mtihani wa kidato cha nne wa Novemba na ule wa kidato cha sita wa Mei.

Aliyesoma tahasusi ya ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, au EGM yenye Uchumi, Jiografia na Hisabati, huhitaji angalau ufaulu wa masomo mawili kwa kiwango cha principal, wenye jumla ya pointi 4.0, ili aombe shahada. A ina pointi tano, B nne, C tatu, D mbili na E moja. Kwa hiyo D mbili zinamtosha kuomba. Kuomba na kupata ni mambo mawili: Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haiwezi kumchukua kila mwenye D mbili, maana walio na alama za juu wanagombania nafasi hizohizo.

Njia ya pili inaanzia chini. Mwenye ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, hata kama yote ni D, anaweza kuanza cheti katika vyuo kama Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichofunguliwa 1965, Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA), Chuo cha Uhasibu Arusha au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Atasoma cheti mwaka mmoja, diploma miaka miwili, na akipata wastani wa 3.0 ataomba shahada.

Ya tatu ni ya watu wazima. Aliyefikisha miaka 25 na ana uzoefu wa kazi anaweza kufanya mtihani wa kutambua maarifa aliyoyapata nje ya darasa. Chuo Kikuu Huria nacho kina kozi ya msingi yenye mkondo wa masomo ya biashara, kwa wale ambao alama zao za kidato cha sita hazikutosha.

Mlango huo wa tatu una historia. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita wasiende chuo kikuu moja kwa moja, wafanye kazi kwanza kwa angalau miaka miwili. Azimio la Musoma lilikuja kulegezwa, na lilikuwa na kasoro zake. Lakini lilisema wazi jambo ambalo leo tunalisema kwa kunong'ona: aliyefanya kazi analeta darasani kitu ambacho mtoto wa shule hana.

> Azimio la Musoma la 1974 lilisema wazi kwamba uzoefu wa kazi ni sifa ya kuingia chuo kikuu.

Kurudia au kuanza cheti?

Hapa ndipo familia nyingi za wilaya za Same na Mwanga hugawanyika. Kijana amepata alama hafifu za kidato cha sita. Baba anataka arudie kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu shahada ya moja kwa moja ndiyo heshima. Mama, ambaye mara nyingi ndiye atakayeuza mbuzi, anauliza kama si afadhali aende Moshi akasome cheti.

Hoja ya baba si ya kupuuzwa. Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili na shahada mitatu, jumla mitano. Kuanzia cheti ni mmoja, miwili na mitatu, jumla sita, na ada hulipwa miaka yote. Ilhali kwenye shule za serikali ada ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23.

Lakini mtahiniwa wa kujitegemea hapati nafuu hiyo. Analipia usajili, tuisheni, fotokopi, chumba cha kupanga siku za mtihani, na muda wake ambao hakuna anayemlipa. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakirudia mtihani mwaka baada ya mwaka, huku wenzao walioanza na cheti wameshafika diploma na wanatunza leja za watu. Kwa maoni yangu, mwenye D nne za kidato cha nne ambaye hana mwalimu wa kumshika mkono asing'ang'anie kidato cha sita. Cheti kina darasa na mwalimu, na kila muhula kina mtihani unaomwonyesha amefika wapi.

Mtu wa miaka 35 aliyeendesha duka, Vicoba au chama cha msingi ni suala jingine. Huyo asipelekwe kukaa miaka mitatu akifundishwa maana ya hundi. Njia yake ni mtihani wa watu wazima, na ndiyo njia ambayo huku mlimani inajulikana kidogo kuliko zote.

Kalenda ya mvua

Kuna jambo ambalo aliyeko Dar es Salaam hawezi kuliona kwenye ratiba ya Necta. Mei ni mwisho wa masika. Novemba ni vuli. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) nayo hufanya mitihani yake Mei na Novemba. Mitihani yote mikubwa ya mtu wa biashara inaangukia miezi ya mvua.

Same mjini, kwenye tambarare, siku hizo panaweza kuwa na vumbi na jua kali. Juu Mbaga, Chome, Vudee na Miamba, wingu limelala kwenye migomba na barabara ya udongo imekuwa utelezi. Gari la abiria haliji, bodaboda anataka nauli mara mbili au anakataa kabisa. Watu wa Mamba Miamba hawahitaji kuambiwa mvua inaweza kufanya nini: Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliua watu katika kijiji cha Goha.

Mwanafunzi wa bweni yuko ndani ya geti la shule, mvua inyeshe isinyeshe. Mtahiniwa wa kujitegemea lazima afike kituoni mwenyewe, asubuhi, akiwa mkavu na mwenye utulivu. Asiye na ndugu Same mjini anatafuta chumba, na bei ya chumba haimo kwenye fomu yoyote ya usajili.

Ushauri ninaoutoa kwa kila anayeniuliza ni huu: kuwa mjini siku mbili kabla ya pepa la kwanza ni sehemu ya maandalizi, sawa na kujua fomula.

Madesa na msingi

Kuna ubishi wa siku nyingi kuhusu namna ya kupiga msuli. Upande mmoja kuna wanaoamini katika mitihani ya nyuma. Kusanya pepa za miaka kumi, solvu zote, tafuta maswali yanayojirudia, kariri madesa ya mwalimu anayesifika. Upande wa pili kuna walimu wanaosema hiyo ni kamari, kwamba mwanafunzi ajengewe msingi kwanza na pepa zije mwishoni.

Wote wana sehemu ya ukweli, ila kwenye uhasibu nawaunga mkono wa upande wa pili bila kusita. Mwanafunzi anaweza kukariri muundo wa mizania, rasilimali huku na madeni kule, akaupamba kwa rula. Siku mtunga mtihani akimpa chama ambacho si cha kutafuta faida, au biashara isiyotunza vitabu kamili, madesa hayamsaidii. Lazima ajue kila shilingi imetoka wapi na imekwenda wapi. Mtunza hazina wa Vicoba anayejua kwa nini kitabu chake hakikubaliani na fedha iliyo kwenye sanduku ameshauona urari ukikataa, hata kama hajawahi kusikia neno urari.

Pepa za nyuma zina kazi yake, nayo ni muda. Mtu anaweza kujua swali vizuri na bado akaangushwa na saa ya ukutani kwa sababu nyumbani alilifanya kwa saa mbili, akinyanyuka kuangalia jiko. Pepa moja kwa wiki, kwa muda uleule wa mtihani, simu ikiwa kwa jirani, ina faida kuliko kurundika pepa ishirini kwenye mkoba.

Na zinapatikana kirahisi kuliko zamani. Makundi ya WhatsApp yanazisambaza kila siku, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni bila malipo. Kijana wa Usangi mwenye simu na bando leo ana vitabu vingi kuliko maktaba ya shule aliyosoma baba yake. Mtu wa kumsahihishia kazi ndiye hana.

> Pepa moja kwa wiki, kwa muda uleule wa mtihani, ina faida kuliko pepa ishirini mkobani.

Hisabati na Kiingereza

Ukiuliza kilichomwangusha mtu, mara nyingi utasikia mambo mawili haya kabla ya biashara yenyewe.

Hisabati ya kidato cha nne kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa nchini. Wengi huamua kuikimbia, wakidhani biashara ni maelezo. Kisha wanakutana nayo tena kwenye riba, uchakavu wa mali, takwimu na uchumi, na kwenye masharti ya kozi zenyewe. Anayetaka chuo cha biashara na amepata F ya hisabati, aanze kurudia somo hilo moja kabla ya jingine lolote. Najua si habari ya kufurahisha.

Kiingereza ni suala zito zaidi, kwa sababu linamgusa mtu mzima kuliko kijana. Tumefundishwa shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili. Huku mlimani watu wananunua kwa Chasu, lugha ya Wapare, wanaandika kwa Kiswahili, na mikutano ya chama inasomewa mapato na matumizi kwa Kiswahili. Siku ya mtihani mama wa tangawizi anapimwa Kiingereza kwanza, ndipo apimwe biashara.

Wapo wanaosema lazima iwe hivyo. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha mwaka 2004, na mhasibu asiyeweza kuvisoma kwa lugha vilivyoandikwa atakwama kazini. Nakubali, kwa mhasibu aliyehitimu. Sikubali kwamba mtu anayeomba kuingia mwaka wa kwanza, mtu mzima ambaye chuo kimesema kinataka kumpima uzoefu wake, akose nafasi kwa sababu hakuelewa kitenzi kimoja kwenye swali. Mtihani wa watu wazima ungeweza kuandikwa kwa lugha zote mbili na asiwepo wa kuumia. Kiingereza akafundishwe akiwa ndani.

Mpaka hilo litokee, njia iliyopo ni kujifunza vitenzi vya mtihani. Eleza, linganisha, kokotoa, jadili, orodhesha: kwa Kiingereza havizidi ishirini, na kila kimoja kinataka jibu la aina yake. Anayeulizwa kulinganisha akaorodhesha, amejibu swali la mtu mwingine.

Duniani nako

Anayetazama shahada ya uzamili ya biashara nje ya nchi atakutana na mtihani mwingine kabisa, GMAT, ulioanza 1954 Marekani. Toleo la sasa lilianza kutolewa mwishoni mwa 2023. Lina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha maswali 23, na uchambuzi wa takwimu maswali 20. Jumla ni maswali 64 kwa dakika 135, yaani kama dakika mbili kwa swali. Alama zinaanzia 205 hadi 805.

Ada yake inapita Dola 250 za Marekani, kiasi ambacho mkulima wa Gonja angenunulia vitu vingi. Ukiutazama kwa makini, hata hivyo, hauna hesabu iliyozidi ya sekondari. Unachopima ni utulivu, kasi, na uwezo wa kusoma jedwali refu na kuona kinachohitajika. Msingi unaomfaa mtu Same kwa Necta ndio utakaomfaa huko.

Nani asome vitabu vya chama?

Suala la mitihani hii halimhusu mtu mmoja mmoja pekee. Tangawizi ya Same Mashariki inauzwa kwa wingi ikiwa mbichi. Kiwanda cha tangawizi cha Mamba Miamba, ambacho wakulima walikiwekea matumaini yao, kimepitia vipindi vya kusimama na kufufuliwa. Mashine hutengenezwa na fundi. Anayejua mtaji wa kuendeshea ni kiasi gani, mkulima alipwe lini, na mkopo utarudi vipi, ni mtu wa biashara, na watu hao tunawaagiza kutoka mbali huku wetu wakirudia mtihani.

Wapare wana historia na hesabu za umma. Mwaka 1945 maelfu waliteremka Same kupinga kodi ya mbiru, iliyopangwa kutozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kiwango kimoja. Walichokataa ni kukadiriwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa kutoka hukuhuku, aliandika kitabu kuhusu mgomo huo, kikatoka 1971.

Na Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi aliyesoma Makerere, alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1972, mwaka uleule zilipopitishwa sheria zilizoanzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) na NBAA. Baadaye alikuwa Waziri Mkuu mara mbili. Hakuna sababu ya milima hii kukosa wahasibu.

> Mashine hutengenezwa na fundi. Anayejua mkulima alipwe lini na mkopo utarudi vipi ni mtu wa biashara.

Darasa la kiangazi

Kinachowezekana kiko karibu: darasa la kiangazi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyozaliwa 1960 kama tawi la Makerere, ina uzoefu wa kufundisha walio nje ya mfumo rasmi, na miaka ya karibuni imekuwa ikiwasomesha sekondari wasichana waliokatiza masomo. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi, kilomita zaidi ya 100 tu kutoka Same mjini kwa barabara ya lami. Walimu wa Biashara na Uhasibu wapo kwenye shule zetu za sekondari, na jioni wako nyumbani.

Darasa hilo lianze Juni, mitihani ya Mei ikishakwisha. Juni hadi Oktoba ni kiangazi: barabara ya Mwembe hadi Mbaga inapitika, na mtu wa Gonja anaweza kwenda na kurudi. Miezi hiyo mitano imalize hisabati, msingi wa uhasibu na Kiingereza cha mtihani. Vuli ikianza watu wabaki mlimani na pepa za nyuma, wakitumiana majibu kwa simu, na mwalimu awasahihishie. Kituo kimoja kiwe Same mjini, kingine Gonja, na Mwanga wafanye hivyo Usangi.

Gharama kubwa ni posho ya walimu watatu kwa kila kituo. Tangawizi inayoshuka mlimani inalipiwa ushuru, na ushuru huo unaingia halmashauri. Madiwani hupitisha bajeti mapema kila mwaka ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Diwani wa kata inayolima tangawizi ana nafasi ya kulisimamia hili kwenye kikao kijacho, na wapigakura wake wana haki ya kumuuliza akirudi alisema nini.